Macharia Tuliyemngoja

Jino langu la kwanza kung'olewa na mtu liling'olewa Thika, nyuma ya maduka ya Wahindi, na fundi wa baiskeli. Usiniulize nilikuwa na miaka mingapi. Tisa, au kumi na mbili. Kwetu hakuna aliyeandika. Ninachokumbuka vizuri ni koleo yenyewe. Alikuwa ametoka kuitumia kwenye mnyororo, akaipangusa kwenye suruali upande huu na upande ule, akaniambia, "Shika nguzo." Nikashika nguzo ya baraza kwa mikono miwili. Wateja wake wawili wakaacha mazungumzo yao wakaja kutazama. Mmoja akaniuliza kama nimeshatahiriwa. Nikatikisa kichwa. Akasema basi hili ni la mazoezi, wakacheka wote, na baba yangu pia akacheka, jambo ambalo sikumsamehe mpaka jioni. Fundi alivuta mara ya kwanza jino likakatika. Akavuta mara ya pili likatoka, nikapewa chumvi ya mawe kwenye kipande cha gazeti nikaambiwa niume na nisiongee.

Sasa, jino halihusiani na jambo ninalotaka kusema. Lakini nikianza bila jino sitafika, kwa sababu ni siku hiyo ndiyo nilisikia habari za jina la baba kwa mara ya kwanza, mdomo ukiwa umejaa chumvi na damu na sina njia ya kumkatiza.

Kutoka Thika kurudi kwetu Gatanga ni kupanda tu. Baba aliona ninataka kukaa kila penye kivuli, na kunibeba hawezi, nilikuwa mkubwa. Akaanza kusimulia. Baba hakuwa mtu wa hadithi. Alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, mawili yakiwa ya kufukuza mbuzi. Ila kwa jina lake alikuwa na maneno ya kutosha kutoka mjini mpaka mlangoni kwetu.

Jina lenyewe ni Macharia. Ni jina la kawaida sana huku. Ukiita Macharia sokoni Thika leo watageuka watu kumi na wawili, na mbwa mmoja. Kwa Kikuyu maana yake ni mtu anayetafuta. Wa kwanza, alisema baba, hakupewa jina hilo na wazazi wake. Walimpa lingine ambalo limepotea. Alikuwa anakaa ng'ambo ya mto Chania, mbuzi wake wakaisha kwa ugonjwa, naye badala ya kukaa akiomba kwa ndugu akaanza kutembea. Alikuwa anatafuta mahali. Kila alipopita watu walisema, yule anayetafuta amepita tena, hata ikawa ndilo jina. Mpaka akafika kwenye mteremko wetu, akachomeka fimbo kwenye udongo, ikazama mpaka kwenye kiganja, akasema hapa. Siku nyingine, miaka mingi baadaye, baba alinisimulia tena, na safari hii mtu huyo alikuwa anatafuta mke aliyemtoroka. Nikamuuliza, na ile fimbo je? Akaniambia mtu anaweza kutafuta vitu viwili.

Wa pili ni mjukuu wa huyo. Aliishi wakati wa njaa kubwa, dada yake akapelekwa Ukambani ili nyumba ipate chakula. Alipokomaa akaenda kumtafuta. Alikaa huko misimu miwili, akarudi naye, pamoja na watoto wawili na mbuzi mmoja wa madoadoa ambaye hakuna aliyeuliza walimpata wapi.

Halafu baba mwenyewe. Yeye alichukuliwa kwenye vita vya kwanza vya Wazungu kubeba mizigo mpaka nchi ya Wajerumani ya huku kusini. Wengi walioenda naye walizikwa kando ya njia. Nilimuuliza alikuwa anatafuta nini huko, akasema, "Njia ya nyumbani." Aliipata, na akaja na kikombe cha bati.

Unaona jina linaruka, mguu huu linakanyaga, mguu ule linapita. Hivyo ndivyo desturi yetu ilivyo. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake, na si kwa heshima tu, ni kwamba ndiye yeye, amekuja tena. Mimi nina jina la babu yangu. Kwa hivyo baba yangu mzazi, mtu mzima mwenye mvi, aliniita "baba" maisha yake yote. "Baba, umefunga mbuzi?" "Baba, wewe ni mjinga." Hata alipotaka kunichapa alianza kwa kusema, "Nisamehe, baba," halafu fimbo ikafuata. Mimi ndiye mwanawe wa kiume pekee. Dada zangu wanne waliolewa, na wavulana wao wa pili waliitwa Macharia, kwa maana wa kwanza ni wa upande wa mume na wa pili ni wa upande wa mke. Baba aliwapenda wajukuu hao, lakini alisema ni kama kuazimwa koti na jirani, linakupa joto na bado si lako. Koti lake mwenyewe lilikuwa litoke kwangu.

Basi nikaoa, nikatoka nyumbani, nikaenda kufanya kazi Ruiru kwenye shamba la mkonge, upande wa kwenda Murera. Siku hizi vijana wananiambia twende Kamakis tukale nyama choma, mahali pamejaa moshi na muziki huwezi kusikia unachotafuna. Mimi nilipajua pakiwa nyasi tu na nzi, na ukiona moshi ujue kuna mtu anachoma mkaa wa wizi. Lakini hayo wacha. Kazi yangu ilikuwa kwenye mashine ya kuparua majani. Unalisha jani huku, linatoka nyuzi kule, na maji ya mkonge yanakurukia mikononi yanawasha mpaka unajikuna usingizini. Tulikuwa na kina Macharia wanne kwenye kambi ile. Mmoja alikuwa nyapara. Watu walisema huyu kweli ana jina lake, anatafuta makosa. Nyapara akiita jina asubuhi wanne waliitikia, naye mwenyewe akiwemo, kwa mazoea.

Nilimsimulia baba habari hiyo akakasirika. "Hao ni watu wengine," akasema. "Usiwachanganye na mimi."

Mke wangu akazaa msichana. Tukampa jina la mama yangu, ambaye alikuwa ameshafariki. Vizuri. Akazaa msichana wa pili, tukampa jina la mama yake. Vizuri pia. Wa tatu msichana. Kwa wa kwanza baba alituma ndizi. Kwa wa pili alituma salamu. Kwa wa tatu alituma mtu mmoja wa kwetu aliyekuwa anapita kwenda Nairobi, akaja akasimama mlangoni mwangu hajakunywa hata maji, akasema, "Mzee anasema nikuambie anangoja." Akaenda zake. Ndiyo hayo tu. Nilikaa na neno hilo kama mchanga kwenye kiatu. Nilikuwa ninangoja mimi pia. Alidhani ninafanya nini?

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla Hali ya Hatari haijatangazwa, wakati bado mtu angeweza kutoka Thika kuja Ruiru bila barua ya kumruhusu, mke wangu akashikwa na uchungu asubuhi nikiwa kazini. Mkunga alikuwa jirani yetu, mama mmoja wa kutoka upande wa ziwa, mumewe alikuwa dereva wa trekta. Alikuwa mnene, mcheshi, mikono yake haijawahi kutetemeka. Ndiye aliyewapokea wasichana wangu wote. Nilikuwa kwenye mashine nikasikia vigelegele kambini. Kwetu msichana ni vitatu, mvulana ni vitano. Nikahesabu. Cha nne kilipotoka niliacha jani likaingia kwenye mashine pamoja na kipande cha mkono wa shati langu. Cha tano sikukisikia, nilikuwa ninakimbia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Kulikuwa na mtu wa kwetu anapanda gari moshi siku hiyo hiyo kwenda Thika na vikapu vya kuku. Nikamwambia afikishe neno kwa baba, "Mwambie Macharia amekuja." Hata sikuwa nimemshika mtoto.

Mtoto akaanza kulia jioni ile. Alilia usiku, akalia asubuhi, akalia siku ya pili na ya tatu. Ziwa analigeuzia uso. Anapewa maji ya uvuguvugu kwa kijiko, anayatema. Tulimwita kwa jina lake, kwa sauti ndogo, kwa sauti kubwa, akawa kama tunammwagia maji baridi. Dresa wa shamba, yule aliyekuwa na sanduku la dawa, alikuja akamgusa tumbo akasema hana kitu. Hana kitu, na hanyonyi. Siku ya nne sauti ilikuwa imekwisha, ikabaki kama mlango unaofunguka na kufungwa.

Jirani akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Shemeji," akaniambia, "mwenye jina hili yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anatembea?"

"Anatembea kuliko mimi."

"Basi mnampa mtoto kiatu ambacho mwenyewe amekivaa. Miguu miwili itaingiaje?"

"Kwetu ndivyo tunavyofanya," nikasema. "Mimi mwenyewe babu yangu alikuwa hai nilipopewa jina lake."

"Na wewe ulilia?"

"Sikumbuki."

"Kwetu mtoto akilia hivi tunamtajia watu wake waliolala. Akimsikia wake ananyamaza. Nitajie wafu wako, shemeji. Tutapoteza nini?"

Ningesema hapana. Ningesema tungoje mpaka kesho. Watu wananiambia hivyo mpaka leo, watu ambao hawakuwa kwenye chumba kile. Nilimtajia wajomba wawili na amu mmoja. Akamwinamia mtoto akamwita kila mmoja polepole, kwa matamshi yake ya kwao, na mtoto akaendelea na ule mlango wake. Nikataja wengine. Nikafika kwa watu ambao sikuwapenda. Hakuna. Ndipo mke wangu, aliyekuwa amelala anatazama ukuta, akasema, "Jaribu baba yangu."

Baba yake alikuwa amefariki mvua za mwaka uliotangulia. Alikuwa mtu mzuri, sina neno naye. Jirani akalitaja jina lake, mara moja, mara mbili. Mtoto akanyamaza. Akafungua macho, akageuza kichwa akitafuta kwa mdomo, akashika ziwa, akanyonya mpaka tukamsikia akimeza.

Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi kwa muda wa kama nusu saa. Jirani alicheza pale pale akagonga sufuria. Halafu nikamkumbuka baba, na yule mtu wa kuku, na lile neno nililotuma.

Dada yangu mkubwa aliniambia miaka mingi baadaye kwamba maziwa ya mama wengine huchelewa siku tatu au nne, na kwamba mtoto angenyonya siku ile hata kama angeitwa Sufuria. Labda. Kwa nini hakuja kuniambia siku ile? Na kabla hujaniambia ningempa baba mvulana mwingine, mvulana mwingine hakuja. Baada ya huyo nilipata wasichana wawili, nikamaliza.

Asubuhi yake nilimwambia mke wangu, "Sasa ana nguvu. Tumrudishie Macharia."

"Mrudishie wewe," akasema. "Akikataa ziwa utamnyonyesha wewe."

"Unajua maana yake? Mtoto wa kwanza wa kiume kuitwa kwa watu wenu? Watu watasema umenioa wewe."

"Wakisema, wewe utakufa?"

"Baba atakuja."

"Na aje. Ataona mtoto mzima."

"Hatakuja kuona mtoto. Atakuja kujiona."

Tulizozana siku tano, kwa vipande, kabla ya kazi na baada ya kazi. Nikaenda kwa jirani nikamwambia wewe ndiye uliyeniletea haya, njoo umwambie mama huyu. Akaniambia, "Shemeji, mwambieni mzee ukweli. Kwetu mzee angefurahi, angesema bado nina jina langu mwenyewe." Nikamwambia kwetu si kwenu. Akasema hilo ameliona.

Mwisho nilimpata mke wangu kwa kuomba. Nilimwambia baba akija atakaa siku moja, mbili. Tumwite mtoto Macharia mbele yake tu. Akienda, mwite utakavyo. Akasema yeye hatasema uongo juu ya kichwa cha mtoto, lakini atakaa kimya. Nikaona hiyo inatosha. Mtu akiwa amechoka huona vitu vingi vinatosha.

Baba alikuja siku ya kumi. Alikuwa amekataa gari moshi. Alitembea kutoka Gatanga akalala Thika kwa binamu yake, akatembea tena, na kondoo dume mnene amemfunga kamba na mfuko wa njahi begani, yale maharagwe meusi tunayowapikia wazazi, wanawake waliotoka kujifungua. Alikuwa na koti lake la vita, limefuliwa. Nilikuwa sijamwona na furaha ya namna ile. Aliongea tangu getini. Alimsalimia hata nyapara.

Kambi yote ilikuja. Jirani alimpokea mlangoni kwa Kiswahili, na baba alikuwa na Kiswahili chake cha vitani, kikavu, kama amri.

"Mzee, karibu. Umekuja kujiona?"

"Nimekuja kujiona. Naambiwa nimekuwa mdogo na sina meno."

"Hata huyu mkubwa, meno si mengi."

"Mengine nilimwachia Mjerumani."

Watu wakacheka. Akanawa mikono, akakaa kwenye kiti, akaomba mtoto. Mke wangu akampa bila kusema kitu. Baba akafungua shuka, akamtazama vidole, masikio, akatema mate kidogo kifuani pa mtoto kama tunavyobariki. Kisha akaanza kumwambia. Hakutusemesha sisi, alimwambia mtoto, kama mtu anayejikumbusha mahali alipoweka kitu.

"Ulitoka ng'ambo ya Chania huna mbuzi," akasema. "Ulichomeka fimbo ikaingia. Ulikwenda Ukambani ukamleta dada yako. Ulibeba sanduku la risasi, siku nyingine ulikunywa maji kwenye alama ya kwato. Nilikuwa ninaogopa tumefika mwisho. Nilikuwa sisemi, lakini nilikuwa ninaogopa. Macharia. Umekaa sana njiani."

Mtoto akaanza kulia.

Mara ya kwanza watu walicheka, wakasema ameelewa. Baba akamtikisa, akamwita tena. Macharia. Macharia. Mtoto akazidi, uso ukawa kama pilipili, ule mlango ukaanza kufunguka na kufungwa. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, maziwa yamelowesha nguo yake kifuani, mikono ameikunja akiwa anajishika viwiko. Nikamkazia macho. Alivumilia, ni lazima niseme hivyo. Alivumilia kuliko mtu yeyote angeweza. Baba akasema, "Ana sauti yangu," akamwita tena, na mtoto akashikwa na kwikwi akakosa pumzi, na hapo mke wangu akavuka chumba akamchukua kwenye magoti ya mzee.

"Nyamaza, baba," akamwambia. "Nyamaza, baba yangu. Nipo." Na akalitaja jina.

Mtoto akanyamaza.

Hakuna Mkikuyu kwenye chumba kile ambaye hakuelewa. Mwanamke wetu humwita mtoto "baba yangu" anapokuwa na jina la babake mzazi, si vinginevyo. Na hata kama kungekuwa na kiziwi, jina lilikuwa limetajwa. Wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kukumbuka kazi zao. Jirani peke yake ndiye aliyebaki anatabasamu, kwa kuona mtoto ametulia.

Baba alikaa na mikono bado imewekwa kama amemshika mtu.

"Baba," akaniambia, "huyu ni nani?"

"Ni wewe," nikasema.

"Sikukuuliza kwa ajili ya wageni. Wameenda."

"Ni wewe, mzee. Wanawake wana namna zao za kubembeleza."

Akamgeukia mke wangu. "Mama, huyo uliyemshika ni nani?"

Mke wangu akamwambia. Hakuomba radhi, alimwambia jina la babake na jina la babu yake, kama anavyoulizwa mtu ofisini. Akasema alilia siku nne akawa anakufa. Akasema tulijaribu lako kwanza.

"Mlijaribu langu," baba akasema.

Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya. Nilimwingiza jirani, nikamwingiza dresa, nikasema habari za kiatu na miguu miwili, na kadiri nilivyoongea nikaona ninazidi kumtukana. Jirani naye akasikia anatajwa, akaingia na Kiswahili chake kunisaidia, akamwambia mzee afurahi, ataishi sana sasa. Baba akamwambia asante.

"Ulikuwapo?" akaniuliza.

"Nilikuwapo."

"Wewe ndiye uliyemtajia wafu?"

"Ni mimi."

"Ukanitumia neno kwamba nimekuja."

"Neno lilitangulia. Lilikuwa limeshaenda."

"Ungetuma lingine."

Siku tano nilizozozana na mke wangu, watu walikuwa wanapanda gari moshi kila asubuhi. Sikutuma kwa sababu niliona haya, na nikawa ninatumaini mambo yatajipanga yenyewe. Nikamwambia, "Atakayefuata ni wako, mzee. Nakuahidi. Wa pili ni wako."

"Wa pili ni wa kwao," akasema. "Mimi nimekuwa mtu wa kwao?"

Mke wangu akamletea chai. Akaipokea kwa mikono miwili, akainywa yote, polepole, akampa kikombe akasema ni nzuri. Akasimama, akatoa mfuko wa njahi begani akauweka kwenye kiti. Nje kondoo alikuwa amefungwa kwenye kigingi cha kamba za nguo, nikadhani atamfungua. Hakumfungua. Alisema mzazi lazima ale mafuta, akachukua fimbo yake.

"Jua bado kali," nikamwambia. "Lala. Kesho nitaomba ruhusa nikusindikize mpaka Thika."

"Nani atakulishia mashine?"

"Wapo wengine."

"Basi kaa nao."

Nilimfuata hata hivyo. Tulipita banda la mashine, tukapita mahali pa kuanikia nyuzi ambapo vijana walikuwa wanageuza mkonge kwenye waya. Nilikuwa ninaongea, hata sijui nilisema nini. Nadhani nilimkasirikia, nadhani nilimuuliza kwani yeye ni jina tu, kwani mtoto kuwa mzima si kitu. Tulipofika kwenye reli alisimama ili kupitisha toroli ya majani, akang'oa sindano ya mkonge iliyokuwa imenasa kwenye mkono wa shati langu, akaitupa.

"Rudi kazini, baba," akasema.

Akashika njia ya kando ya reli kuelekea Thika, anatembea katikati ya kokoto na nyasi, koti amelitundika begani. Nilisimama nikingoja ageuke. Nyapara alikuwa ananiita kutoka bandani, anataka kujua ni nani ameacha mashine inazunguka bure. Baba akafika penye kona, pale reli inapoingia kwenye mkonge, akapita bila kugeuka, na hakurudi tena kwangu Ruiru.